UZI: Daktari amesema ni lazima. Bili analipa nani?

1/
Kila msimu wa siasa kuna swali ambalo halikosi kwenye runinga, redio na huku mitandaoni: je, bima ya umma ilipie utoaji mimba pale ambapo daktari amesema maisha au afya ya mama iko hatarini? Mmoja anapaza sauti "mauaji!", mwingine anajibu "haki!", mtangazaji anakimbilia matangazo ya biashara, na sisi tunabaki palepale. Leo tunapita kwenye historia yake polepole. Hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Chukua chai, uzi ni mrefu.

2/
Kwanza tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: sheria inaruhusu? La pili: nani analipa? Mijadala yetu karibu yote hukwama kwa la kwanza, na hapa Kenya hilo lilijibiwa kitambo. La pili ndilo huamua nani anarudi nyumbani akiwa hai. Ruhusa isiyo na pesa nyuma yake ni ruhusa ya wenye pesa tu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Mengine ni ushahidi.

3/
"Lazima kitabibu" ni nini hasa? Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: haiwezi kufika mwisho, na mrija ukipasuka mama anavuja damu ndani kwa ndani. Mimba zabibu. Presha ya mimba inayoelekea kifafa kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje. Maji kupasuka mapema mno na maambukizi kuingia. Ugonjwa wa moyo ambao mimba inauzidisha. Kumbuka kwamba wengi wa akina mama hawa walikuwa wanamtaka huyo mtoto. Walikuwa wameshachagua hata jina.

4/
Nitatumia Dagahaley kama mfano. Ni mojawapo ya kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, pamoja na Ifo na Hagadera. Zilianza 1991 na 1992 vita vilipolipuka Somalia, zikajengwa kwa ajili ya watu wapatao 90,000, na baadaye zikabeba idadi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Hospitali ya Dagahaley imeendeshwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na mgonjwa halipi. Sasa mpango wa taifa ni kuwaingiza wakimbizi kwenye mifumo ya kawaida ya nchi, bima ikiwemo. Kwa hiyo swali la "nani analipa" linawafikia watu ambao hawajawahi kuulizwa.

5/
Turudi nyuma. Marufuku yetu haikuanzia kwa wazee wetu wala msikitini. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1861 iliyofanya kutoa mimba kuwa jinai kubwa. Wazo hilo likasafiri na ukoloni, na mwaka 1930 Kenya ikapata Kanuni ya Adhabu ambayo vifungu vyake bado tunavyo: cha 158, miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, cha 159, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, cha 160, miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo.

6/
Lakini soma neno "kinyume cha sheria" kwa makini. Manake kuna ambako si kinyume. Kifungu cha 240 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1938 huko London, daktari Aleck Bourne alimtibu msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, akajisalimisha mwenyewe ili ashtakiwe. Akaachiliwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliipokea kanuni hiyo katika kesi ya Mehar Singh Bansel. Kwa hiyo hata mkoloni alikuwa na dirisha.

7/
Sasa bima. NHIF, yaani Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ilianzishwa 1966. Ilianza na walioajiriwa na kupata mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu, pesa ya maana wakati huo. Mchungaji wa ngamia hakuwemo. Mama wa kuuza maziwa hakuwemo. Mwaka 1972 mlango wa hiari ulifunguliwa kwa wasioajiriwa, lakini kwa miongo mingi hazina ilibaki ya mtu mwenye hati ya mshahara. Huduma za wagonjwa wa nje zilianza kulipiwa kwa wanachama wote mwaka 2015. Kaskazini Mashariki tuliisikia bima kama tulivyosikia treni: ipo, lakini haipiti kwetu.

8/
Hebu turuke hadi Marekani kidogo, kuna sababu. Mwaka 1973 mahakama yao ya juu ilisema kutoa mimba ni haki ya kikatiba. Miaka mitatu tu baadaye, 1976, bunge lao liliweka kifungu kwenye bajeti kuzuia pesa za bima ya maskini, Medicaid, zisilipie. Kesi ikafika juu, Harris dhidi ya McRae. Mwaka 1980 mahakama ikasema: haki ipo, lakini serikali haina wajibu wa kuigharamia, hata pale daktari anaposema ni lazima kitabibu.
Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Haki ipo, pesa hakuna. Mwenye bima ya kibinafsi alitibiwa, maskini akaambiwa ajipange. Mwaka 2022 hata haki yenyewe iliondolewa.

9/
Hilo linatuhusu vipi? Kupitia misaada. Mwaka huohuo wa 1973 Marekani ilizuia pesa zake za misaada ya nje kulipia utoaji mimba "kama njia ya uzazi wa mpango". Kwa maneno hayo, kuokoa maisha ya mama hakuzuiwi. Ila mashirika mengi yalikitekeleza kifungu hicho kana kwamba ni marufuku kamili, kwa hofu ya kupoteza ufadhili. Kuanzia 1984 ikaongezwa sera inayobana mashirika ya kigeni. Sera hiyo hufutwa na kurudishwa kila utawala unapobadilika: ilifutwa 1993, ikarudi 2001, ikafutwa 2009, ikarudi 2017, ikafutwa 2021, ikarudi 2025. Kambi inayoishi kwa pesa za wafadhili huishi na upepo huo, hata kama hakuna mkimbizi aliyepiga kura hiyo.

10/
Dadaab yenyewe ilikuwa na jeraha tangu mwanzo. Mwaka 1993 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu ubakaji wa wanawake wa Kisomali kwenye kambi za Kaskazini Mashariki. Wengi walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni au kuchunga mifugo, na wengine usiku ndani ya mahema yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mada hii ni ya "wasichana wa mjini", mwambie asome historia ya kuni za Dadaab.

11/
Upande wa Wakenya wenyewe, pesa mlangoni ndiyo ilikuwa ukuta. Desemba 1989 serikali ilianzisha "kuchangia gharama" kwenye hospitali za umma. Wagonjwa wakapungua, ada zikasimamishwa 1990, kisha zikarudishwa kwa awamu. Ni Juni 2013 tu ndipo kujifungua kulifanywa bure katika vituo vya umma, na baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama na kuhamishiwa NHIF. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyohusu hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Yaani ilibidi jaji aandike hilo.

12/
Sasa 2010. Wale waliokuwa watoto wakati huo kama mimi tumesimuliwa: kwenye kampeni ya Katiba mpya, mambo mawili yalichemsha nchi, mahakama za Kadhi na mimba. Makanisa mengi yalipinga. Kura ikapigwa tarehe 4 Agosti, na Katiba ikapita kwa takriban asilimia 67. Kifungu cha 26 kilisema uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha aya ya nne ikasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au AFYA ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu.

13/
Angalia uzito wa hilo. Katiba yetu haikusema "ni haki ya kila anayetaka". Haikusema pia "marufuku kabisa". Ilimpa uamuzi mhudumu wa afya. Halafu kifungu cha 43 kikaongeza haki ya afya ya uzazi na kusema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini mwaka huohuo Kenya iliporidhia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake Afrika, iliweka pingamizi kwenye ibara ya 14(2)(c), ile inayozungumzia utoaji mimba wa kitabibu. Mkono mmoja ulifungua, mwingine ukashika mlango.

14/
Mtindo huo ukaendelea. Septemba 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu. Desemba 2013 ikauondoa. Mapema 2014 ikapiga marufuku mafunzo. Daktari akabaki na Katiba mkono wa kulia na Kanuni ya Adhabu ya 1930 mkono wa kushoto, bila karatasi ya kumwambia afanye nini usiku wa manane. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema kuondoa mwongozo huo kulikiuka haki. Kesi ilimhusu msichana aliyebakwa mwaka 2014 na kufariki 2018 kwa madhara ya utoaji mimba usio salama. Mamake alipewa fidia ya shilingi milioni 3. Mtoto hakurudi.

15/
Kuna sheria moja ambayo kwenye midahalo haitajwi kabisa, na ndiyo muhimu kwa swali la bima: Sheria ya Afya ya 2017. Kifungu cha 6 kinataja waziwazi mimba nje ya mfuko wa uzazi, mimba ya tumboni, mimba zabibu, na hali yoyote inayozidishwa na mimba mpaka maisha au afya ya mama ikahatarishwa. Kinasema mama ana haki ya kutibiwa. Kinataja hata nani anaweza kutibu: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki. Hiyo ndiyo orodha ya bunge letu wenyewe, haikuletwa na mzungu.

16/
Tuje 2024. NHIF ikafa, SHA ikazaliwa chini ya sheria ya 2023, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa mapato, kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Kuna mifuko mitatu: wa zahanati na vituo vya afya, wa bima yenyewe, na wa dharura na magonjwa sugu. Kujifungua kwa kawaida kulipangiwa 10,000, kwa upasuaji 30,000.

17/
Hapa sikiliza vizuri, manake ndipo siasa ilipojificha. Bima hailipi "haki". Bima hulipa huduma iliyo kwenye orodha, yenye jina, bei na kiwango cha hospitali. Karani anabofya, kompyuta inakubali au inakataa. Kama tiba fulani haina jina lililo wazi, hospitali haina uhakika wa kurudishiwa pesa. Hospitali isiyo na uhakika humwambia mgonjwa alipe kwanza. Na mama mwenye damu inayovuja ndani hana muda wa kuchangisha kwenye WhatsApp. Kwa hiyo ukimya kwenye orodha ya bei ni uamuzi, ila ni uamuzi ambao hakuna kiongozi anayeulizwa kuuhusu.

18/
Rudi sasa Dagahaley. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinataka kambi ziwe makazi yaliyounganishwa na kaunti. Ni wazo zuri, mimi naliunga mkono. Miaka zaidi ya 30 ya kuishi kwa mgao inatosha. Lakini hesabu: familia isiyo na ajira rasmi, 3,600 kwa mkupuo. Hospitali kubwa ya rufaa iko mjini Garissa, kilomita 100 hivi, na mkimbizi huhitaji kibali ili atoke kambini. Leo bili haimfuati mama mlangoni. Siku mfadhili akiondoka, kitakachobaki kati yake na kaburi ni orodha ya SHA na mtu wa kuifafanua.

19/
Sasa hoja za wanaopinga, na tuziseme kwa heshima, si kwa kuwakejeli.
"Pesa yangu ya mshahara isilipie kitu ninachokiona dhambi." Hii ni hoja nzito, dhamiri si mchezo. Lakini mfuko wa pamoja tayari unalipia vitu ambavyo mmoja wetu hakubaliani navyo. Tena hapa tunaongea kuhusu mama anayekufa. Ukikataa mfuko usimlipie, mimba ile haiokoki. Mrija uliopasuka huwaondoa wote wawili.

20/
"Itakuwa mlango wa nyuma, kila mtu ataandikiwa ni dharura." Hii nayo si ya kupuuzwa, udanganyifu wa bima tumeuona. Lakini dawa ya udanganyifu ni ukaguzi: rekodi za vipimo, picha ya skani, sahihi ya mhudumu, na kituo kujibu kikikosea. Tumeona madai hewa ya upasuaji wa kila aina, na hakuna aliyesema basi tufute upasuaji wote.
Na upande wa pili pia usikie: ukitumia neno "haki" kuficha kwamba Katiba yetu imeweka masharti, unampa mpinzani wako silaha ya bure. Sema kile sheria inasema. Kinatosha.

21/
"Dini yetu hairuhusu." Kwa watu wetu hii ndiyo huishia mjadala, kwa hiyo nitaenda taratibu na kuwaachia masheikh uwanja wao. Kuna kanuni ya fiqhi inayojulikana hata madrasa: dharura huruhusu lililokatazwa. Wanazuoni wengi wa leo wanakubali kwamba uhai wa mama ukiwa hatarini kwa hakika, yeye ndiye shina. Na Katiba ya muda ya Somalia ya 2012, iliyoandikwa juu ya msingi wa Sharia, inasema kwenye ibara ya 15 kwamba kutoa mimba kunakwenda kinyume na Sharia, isipokuwa pale pa dharura, hasa kuokoa maisha ya mama. Basi Mogadishu na Nairobi zimekubaliana kwenye karatasi. Tusijifanye sisi wa katikati hatujui.

22/
"Nchi haina pesa." Haya, tuongee pesa. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC ulikadiria mimba 464,690 zilitolewa Kenya mwaka 2012, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa kwa madhara. Kazi yao ya baadaye ilikadiria kutibu madhara hayo kwenye vituo vya umma kungegharimu shilingi milioni 533 mwaka 2016. Niwe muwazi: wengi wa hao hawakuwa kesi za lazima kitabibu, usichanganye. Nachosema ni kimoja: mfuko wa umma tayari unalipa, ila unalipa mwishoni, wodini na mochari, mahali ghali kuliko pote.

23/
Basi mgombea akija na kipaza sauti, wa kaunti au wa taifa, usimuulize "unaunga au unapinga?" Hilo swali analipenda, analo jibu tayari. Muulize haya:
– Hali zilizotajwa kwenye kifungu cha 6 cha Sheria ya Afya ya 2017, kila moja imeandikwa kwa jina kwenye orodha ya bei ya SHA?
– Mama ambaye hajalipa mchango wa mwaka akija na dharura ya mimba, ni mfuko upi unamlipia, na hospitali inarudishiwa pesa baada ya siku ngapi?
– Mkimbizi wa Dagahaley akihitaji rufaa usiku, kibali na ambulensi ni jukumu la nani?
– Afisa wa kliniki akifuata Katiba, nani anamkinga dhidi ya polisi anayesoma vifungu vya 1930?

24/
Sensa ya 2019 ilionyesha akina mama 355 hufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini, na kaunti zetu za kaskazini ziko upande mbaya wa hesabu hiyo. Wengi wao hawakufa kwa sababu sheria iliwakataza. Walikufa kwa umbali, kwa kuchelewa, kwa kuambiwa walipe kwanza.
Tangu 1959 tumekuwa na ruhusa. Tangu 2010 imeandikwa kwenye Katiba. Tangu 2017 bunge limeorodhesha magonjwa yenyewe. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye orodha ya bei na ujasiri wa kuuandika. Mwenye orodha akija kwenu kuomba kura, mwonyesheni uzi huu.

Mwenye nyongeza au marekebisho ya sheria, karibu hapo chini. Matusi pelekeni kwingine.